Natunga kwa do-re-mi: je, chuo cha muziki kitanipokea?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kahama, nina miaka 27, na ninaongoza kwaya ya parokia. Nimetunga nyimbo zaidi ya 40 za sauti nne, zote kwa nota za do-re-mi, na baadhi zinaimbwa hadi parokia za jirani. Sasa nataka kwenda chuo kusomea utunzi, wa sauti na wa ala pia. Tatizo ni kwamba nota za mistari mitano sizisomi, na kinanda napiga cha kubahatisha. Mpiga kinanda wetu ananikatisha tamaa, anasema nitafundishwa sheria za Wazungu na karama yangu itakufa. Je, nitapokelewa? Nitafundishwa nini nisichokijua? Nianzie wapi?

Jibu: Milele amina, na marahaba, mwalimu mwenzangu.

Utapokelewa, lakini usiombe mwaka huu. Jipe mwaka mmoja wa kujiandaa, nami nitakueleza wa kufanya nini. Kwanza nijibu lile la karama, kwa sababu ndilo nililowahi kuona likiwazuia watu wenye uwezo mkubwa kuliko wangu wasivuke hata geti la chuo.

Mpiga kinanda wenu hajakudanganya moja kwa moja. Jambo analolisema lilinipata. Nilipofika chuoni nilikuwa kama wewe, natunga kila wiki. Muhula wa pili tukaanza kontrapunti, yaani kuandika sauti mbili au tatu zinazokwenda kila moja kwa njia yake na bado zinapatana. Kazi zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu: soprano ametoka so kwenda la, besi ametoka do kwenda re, zote zimepanda pamoja zikiwa zimeachana kwa tano, yaani umbali wa nota tano kama do hadi so. Kosa. Tena kosa. Hakuna aliyenieleza kwa nini ni kosa. Nikarudi nyumbani likizo, nikakaa na karatasi, kila nikiandika mstari naona wino mwekundu. Karibu mwaka mzima sikutunga wimbo hata mmoja.

Kilichonifungua ni kuelewa sababu. Sauti mbili zikitembea sambamba kwa tano au kwa nane, sikio huzichanganya likazisikia kama sauti moja nene. Katika muziki wa Palestrina au wa Bach, watunzi wa kale wa Ulaya, lengo ni kinyume chake: kila sauti isikike ni mtu mwenye nia yake. Ndiyo maana njia hiyo imekatazwa humo. Sasa nenda Dodoma ukawasikilize Wagogo. Sauti zao hutembea sambamba kwa nne na kwa tano, na ule unene ndio uzuri wenyewe. Mgogo hajavunja sheria yoyote, kwani anajenga nyumba ya namna nyingine. Mtunzi aliyesoma vizuri anajua yuko ndani ya nyumba ipi, na akitaka kuhama anahama kwa makusudi. Mwambie hivyo mpiga kinanda wenu, kwa upole.

Na wapo waliotutangulia katika njia hiyohiyo. Ephraim Amu wa Ghana alikuwa mwalimu na mtunzi wa nyimbo za kwaya kabla hajakwenda London mwaka 1937 kusoma katika Royal College of Music. Alirudi akaendelea kutungia lugha za kwao, akihangaika melodia ifuate kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda aliandika oratorio (simulizi ndefu ya dini inayoimbwa) ya Mashahidi wa Uganda akitumia muziki wa Kiganda, nayo ikaimbwa Roma mwaka 1964 mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Tena usione haya kwa do-re-mi yako. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya kule Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake leo tunaiimba katika "Mungu ibariki Afrika", naye aliandika kwa nota hizohizo. Zilianzia Uingereza kwa Sarah Glover, zikaenezwa na John Curwen, na baadaye Zoltán Kodály wa Hungaria akazifanya msingi wa kufundisha sikio. Kwa hiyo wakati wenzako darasani watakuwa wanahangaika kuimba umbali wa nota kwa macho, wewe utakuwa umeshafika. Kilichobaki ni kujifunza kuandika kile ambacho sikio lako tayari linakijua.

Sasa, utafundishwa nini usichokijua? Upande wa sauti utadhani unajua kila kitu. Mimi nitakuuliza swali moja: ubeti wa pili wa nyimbo zako huwa unakaa vizuri kama wa kwanza?

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo tunalijua tangu shule. Lakini neno likiongezwa mkia, mkazo unahama. Mwite mtu mmoja aimbe: *imba*, mkazo uko kwenye *i*. Waite wengi: *imbeni*, mkazo umeruka hadi *mbe*. *Simama* na *simameni*, vilevile. *Nyumba* na *nyumbani*, vilevile. Mtunzi anaandika ubeti wa kwanza kwa uangalifu, pigo zito linaangukia silabi nzito. Kisha anaandika ubeti wa pili na wa tatu kwa kuhesabu mizani tu, na hesabu inatimia, lakini pigo zito linaangukia silabi nyepesi. Wanakwaya wanasikia kuna kitu hakiko sawa, wanaimba kwa kusitasita, nasi tunawalaumu kwamba hawajafanya mazoezi. Ndilo lililozipata nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza: sauti ilikuwapo kwanza, maneno yakaja kulazimishwa yaingie.

Kuna lingine dogo ambalo wengi hawalioni. Ile *m* ya *mtu* ni silabi kamili, na kwa kuwa neno lina silabi mbili tu, mkazo uko juu ya hiyo *m*. Vilevile *n* ya *nchi*. Zinahitaji nota yao wenyewe, tena nota ya pigo zito, iimbwe midomo imefumbwa au ulimi umegusa juu. Ukiibana *mtu* kwenye nota moja, mwimbaji atakuongezea *u* aimbe "mutu". Lakini *mbingu* haiko hivyo, *mbi* ni silabi moja. Chukua nyimbo zako tatu unazozipenda kuliko zote, andika maneno peke yake kwenye karatasi, pigia mstari silabi zenye mkazo katika kila ubeti, kisha linganisha na mapigo. Nakuhakikishia utatumia jioni nzima, na utafuta sana.

Na ukitungia Kisukuma, kazi inaongezeka, kwa sababu Kisukuma, kama lugha nyingi za Kibantu na tofauti na Kiswahili, kina toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Hapo sikio la mama yako au la mzee wa kigango ndiye mwalimu wako wa kwanza: msomee neno, msikilize analisemaje, fuata humo. Umekulia kwenye bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, majembe yakigongwa na ngoma zikijibu. Sijui kama umewahi kuiandika midundo ile kwenye karatasi, kila chombo kwa mstari wake. Iandike. Utagundua kwamba ulichokuwa unakiita "kupiga ngoma tu" ni kontrapunti.

Upande wa ala ndiko kuliko na ugeni halisi, na hapa ndipo chuo kina thamani yake kubwa.

Nota za do-re-mi zinahama. Leo unaandika do ni F, wiki ijayo masoprano wana mafua, unashusha do iwe E-flati, na karatasi haibadiliki hata herufi moja. Ala haijui uhuru huo. Fidla ina nyuzi nne, G, D, A na E, na chini ya ile G hakuna kitu, hata mpigaji awe hodari vipi. Fluti huishia C ya katikati ya kinanda, na huko chini sauti yake ni laini mno, kwaya ya watu ishirini itaimeza. Ukiitaka ing'ae iweke juu. Tarumbeta za kawaida ni za B-flati: mpigaji akisoma C, kinachosikika ni B-flati. Kazi yangu ya kwanza ya kwaya na tarumbeta niliiandika bila kujua hilo. Kwaya iko F, tarumbeta zikaingia toni nzima chini, na wanakwaya arobaini wakanitazama wakidhani wao ndio waliokosea. Niliwaomba radhi siku ileile. Tangu hapo siandikii ala kabla sijakaa na mpigaji wake.

Na kukaa na mpigaji si adabu tu. Ukiandika wimbo katika E, huyo wa tarumbeta ya B-flati atajikuta anasoma F-shapu, alama sita za kupandisha, na utamchosha bure. Mwandikie B-flati, E-flati au F na atakupenda. Halafu kuna desturi. Katika vikundi vya matarumbeta vya Kilutheri vya Ujerumani, wapigaji hufundishwa kusoma nota kama zinavyosikika, hata kama chombo ni cha B-flati. Kwa hiyo ukialikwa kuandikia kikundi cha kanisa popote, swali la kwanza liwe: ninyi mnasomaje? Kitabu hakitakuambia.

Lingine ni pumzi. Wewe mwongoza kwaya unajua mahali watu wako wanapopumua. Wa tarumbeta naye anapumua, na midomo yake inachoka kuliko koo la mwimbaji. Mpe mapumziko, hata vipimo vinne tu (vile vyumba kati ya mistari ya wima), atarudi na sauti nzuri. Wa fidla hapumui kupitia chombo, ila upinde unafika mwisho na kugeuka, na pale unapogeuka ndipo sentensi yako inapokatika au kuendelea. Na kinanda cha kanisani hakichoki kabisa, ndiyo maana watunzi wetu wengi wanakitumia kurudia tu sauti nne za kwaya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo si kutungia ala. Kinanda kikiimba kile ambacho kwaya inaimba, hakijaongeza neno. Kinyamazishe wakati kwaya inaimba, kipe cha kusema kwaya inapovuta pumzi, uone wimbo unavyopanuka.

Sasa mwaka wako wa maandalizi. Nota za mistari mitano zitakuchukua miezi mitatu au minne ukizigusa kila siku nusu saa. Njia iliyo fupi kwako ni kuzinakili nyimbo zako mwenyewe, kwa mkono, kutoka do-re-mi kwenda kwenye mistari, kwa sababu tayari unajua zinavyosikika, na macho yatajifunza kutoka kwenye sikio. Moja kwa wiki. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye programu ya kompyuta ya kuandika nota. MuseScore ni ya bure na inatosha kabisa. Usije ukauziwa Finale ya zamani na mtu wa stationari: kampuni yake ilitangaza mwezi Agosti 2024 kwamba imeacha kuiendeleza. Ila nikutahadharishe, kompyuta inapiga chochote utakachoandika, bila pumzi, bila midomo kuchoka, hata nota zisizopo kwenye chombo. Isikilize, lakini usiiamini.

Kinanda jifunze. Huhitaji kuwa mpigaji wa tamasha. Unahitaji uweze kupiga sauti nne zako polepole kwa mikono miwili na kusikia kosa kabla ya wanakwaya hawajalisikia. Huyo mpiga kinanda wenu anaweza kukufundisha, na pengine mazungumzo yenu ya karama yataishia vizuri zaidi mkiwa mmekaa pamoja mbele ya chombo.

Soma nota za wengine. IMSLP, kwenye intaneti, ina maelfu ya kazi ambazo hakimiliki zake zimekwisha, na ni bure. Anza na koali za Bach, hizi nyimbo fupi za sauti nne za kanisani. Yule mzee alikuwa na kazi inayofanana na yako: kuanzia mwaka 1723 pale Leipzig alikuwa anaandaa muziki wa kila Jumapili kwa waimbaji na wapigaji aliokuwa nao, hodari na dhaifu. Usizisome tu. Funika sauti tatu, bakiza soprano, ziandike wewe, kisha funua ulinganishe. Haydn, mtunzi mkubwa wa Austria, alijifunza kontrapunti peke yake kwa kitabu cha mazoezi cha Fux cha mwaka 1725, zoezi baada ya zoezi, basi si jambo lisilowezekana mbali na darasa. Na za kwetu je? Tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi mno za watunzi wa Kikatoliki wa Kiswahili. Zipitie kwa jicho la mkazo nililokueleza hapo juu, utaona nani anajali maneno.

Utakapoomba nafasi, chuo kikubwa hasa cha nje kitataka kuona kazi zako, kwa kawaida mbili hadi nne, zikiwa na rekodi. Kati ya nyimbo zako 40 chagua mbili tu. Rekodi ya simu ya kwaya halisi, iliyoimba vizuri ndani ya kanisa tulivu, ni bora mara kumi kuliko sauti ya kompyuta. Kazi ya tatu iwe na ala.

Vyuo. Ukitaka kuanza na cheti au stashahada huku ukishika ala kwa mikono, iko TaSUBa ya Bagamoyo, ile iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Hapo ndipo Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, alipofundisha ala za zeze na ilimba. Ukitaka shahada, Tumaini Makumira, jirani na Arusha, wana shahada ya muziki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki katika Idara ya Sanaa Bunifu. Nje ya mipaka wako Kenyatta na Kabarak kule Kenya, ambako shahada ni miaka minne, na Makerere ya Uganda. Na kama ala za nyuzi zinakuvuta, usidharau Zanzibar: Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha tangu mwaka 2002, na humo utajifunza ala za udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla katika taarabu, mahali ambapo mstari mmoja wa melodia unapambwa na kila chombo kwa namna yake. Mtunzi wa kwaya aliyezoea kodi (nota zinazosikika pamoja) za sauti nne anapokaa humo miezi michache anarudi na sikio jipya kabisa. Natamani ningekwenda nikiwa na umri wako.

Mambo ya sifa za kujiunga yasome kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka unaoomba, hasa kama njia yako ni stashahada ya ualimu. Na kama mwajiri wako ni serikali, barua ya ruhusa ya masomo ianze kutembea mapema, maana inatembea polepole.

Kabla hujalipa ada popote, nenda ukatembelee, na uulize mambo haya kwa mdomo wako. Kazi za wanafunzi wa utunzi zinapigwa na nani, na mara ngapi kwa mwaka? Mwalimu wa utunzi anakaa na mwanafunzi mmojammoja, au ni darasa la watu hamsini? Piano imepatanishwa lini? Omba kuona nota za mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Chuo kinachokupa mhadhara mzuri lakini hakikupi siku ya kusikia ulichoandika kikipigwa na watu hai kitakufundisha kuhusu muziki, na wewe unakwenda kujifunza kutunga. Mimi ningechagua chuo chenye kwaya moja nzuri na wapiga tarumbeta wawili wanaopenda kupiga vitu vipya, hata kama maktaba ni ndogo.

Kuhusu riziki nikuambie wazi: ni wachache mno wanaoishi kwa kutunga peke yake. Wengi wetu tunafundisha, tunaongoza kwaya, tunapangia wengine nyimbo studio. Wewe tayari una ualimu, usiutupe. Na hizo nyimbo 40 zinazosambaa kwa WhatsApp, kila karatasi iandike jina lako na mwaka, kisha ukazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nimeona nyimbo za watu zikichapwa kwa majina ya wengine, na mtunzi hana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha.

Wiki hii anza hivi. Mwombe bibi au mama wimbo wa kubembelezea mtoto. Wimbo wa taifa wa Kenya ulipatikana hivyo mwaka 1963: watu watano walichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto wakaupangia sauti. Huo wa kwenu uandikie sauti tatu na chombo kimoja ambacho mpigaji wake unamfahamu, vipimo 16 tu. Uimbishe Jumamosi mazoezi yakiisha. Kisha wafuate waimbaji wa alto, muulize kila mmoja alikosa pumzi wapi, weka alama kwa penseli mahali hapo, na mpigaji naye muulize hivyohivyo. Karatasi hiyo yenye alama za penseli itunze. Siku utakayoitwa kwenye usaili, ndiyo ningependa uiweke mezani kwanza.